Kutengeneza Filamu ya Kutisha ya Mnyama Muuaji kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili

Filamu nyingi za mnyama muuaji za bei ya chini huharibikia mahali pamoja: mnyama alipigwa picha kabla ya mtu yeyote kujua filamu inamhitaji wapi. Fedha zote zikaishia kwenye kikaragosi kikubwa, kikaragosi kikasimamishwa mbele ya kamera juani, na mhariri akalazimika kukitumia kwa sababu kiligharimu pesa. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Rekodi watu kwanza, hariri filamu ikiwa na mashimo, kisha mpige picha mnyama kwa kuziba mashimo hayo tu. Hilo likizingatiwa, mnyama wako atahitaji kuonekana kwa dakika tatu au nne katika filamu ya dakika themanini, na dakika nne unaweza kuzitengeneza vizuri.

Kuchagua mnyama

Chagua mnyama kwa kuangalia unachoweza kukijenga na mahali anapoweza kujificha. Swali la nani anatisha zaidi lije baadaye, kwa sababu kila mnyama anatisha akipigwa picha vizuri.

Wanyama wenye manyoya na mwendo laini, kama chui, simba na mbwa mwitu, ni wagumu sana. Manyoya ya bandia hushika taa vibaya, na jicho la mtazamaji linajua jinsi paka anavyotembea. Kosa dogo la bega linaonekana papo hapo. Nyani ni wagumu zaidi, maana wana uso unaofanana na wetu. Ndege mmoja mmoja ni rahisi, kundi la ndege ni kazi ya kompyuta. Wadudu wanawezekana sana: sehemu kubwa ya hofu yao inatokana na sauti na picha za karibu, na wadudu wa mpira walionunuliwa kwa wingi wakichanganywa na wachache wa kweli wasio na sumu hujaza fremu. Nyoka ni mzuri kwa sababu mwili wake hausemi mengi, ila mwendo wa mawimbi ya mwili wake huwezi kuuigiza kwa kamba; mpige picha akiwa ametulia, au akipita kwa sehemu ya mwili tu.

Mamba ndiye tunayempendekeza kwa filamu ya kwanza, na ndiye tutakayemtumia kama mfano mpaka mwisho. Kichwa chake ni kigumu, hakina sura inayobadilika. Anakaa kimya kwa muda mrefu bila mtu kuona ni kosa la mtengenezaji. Maji yanaficha asilimia tisini ya mwili ambao basi huna haja ya kuujenga. Na anashambulia kwa ghafla, kwa sekunde mbili, ndani ya povu na matope, ambako hata kikaragosi duni hakionekani.

Ukishamchagua, mwandikie sheria zake kwenye karatasi moja kabla ya skripti. Anawinda saa ngapi? Anaweza kufika wapi? Anashindwa na nini? Mamba hukimbia umbali mfupi tu nchi kavu. Huvizia, hung'ata, kisha hujiviringisha mwili mzima ili anyofoe nyama, maana meno yake hayatafuni. Sheria hizi ndizo zitakazokupa matukio. Mtazamaji akishajua kwamba ukingo wa maji ndio mpaka wa hatari, kila shoti ya mguu ulio karibu na maji ni ya kutisha bila mamba kuwepo. Mnyama anayeweza kufika popote na kufanya chochote haogopeshi mtu, kwa sababu hakuna cha kuhesabu.

Skripti inayolingana na mfuko

Eneo moja kuu, waigizaji wanne hadi sita, kurasa sabini na tano hadi themanini. Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu. Ukipiga kurasa tano au sita kwa siku, unahitaji siku kumi na nne hivi za kurekodi, ukiacha siku tatu za mnyama ambazo zitakuja wiki kadhaa baadaye.

Pitia skripti kwa kalamu ya rangi ya pekee na uweke alama kila mahali mnyama anapoonekana. Kisha gawa alama hizo katika makundi matatu: *dalili* (mawimbi, alama za miguu, sauti, mzoga), *kipande* (jicho, mkia, taya) na *mnyama mzima*. Ukikuta zaidi ya sehemu tatu za mnyama mzima, rudi uandike upya. Moja inatosha, na mahali pake ni karibu na mwisho.

Katika Jaws (1975) papa haonekani vizuri mpaka filamu imepita saa moja. Sababu mojawapo ni kwamba papa wa mitambo alikuwa anaharibika ndani ya maji ya chumvi, na ratiba ya siku 55 ikafika siku 159. Mwongozaji Steven Spielberg alilazimika kuonyesha maji, maboya na nyuso za watu badala ya papa. Wewe panga tangu mwanzo kile ambacho yeye alilazimishwa na mtambo mbovu.

Kujenga mamba: vipande vinne, si mmoja

Usijenge mamba mzima. Jenga kichwa kinachoelea, taya la kuuma, mkia, na mguu mmoja wa mbele. Kila kimoja kina kazi yake, na kimoja kikiharibika siku haipotei.

Anza na vipimo. Urefu wa kichwa cha mamba ni takriban sehemu moja ya saba ya urefu wa mwili wote. Kichwa cha sentimita 60 ni mamba wa mita nne na ushee, naye ni mkubwa wa kutosha kummeza mtu kwa macho ya mtazamaji. Usishawishike kutengeneza kichwa cha mita moja na nusu. Huyo ni mamba wa mita kumi na mtazamaji atacheka.

*Kichwa kinachoelea.* Chukua bonge la povu gumu jeupe, lile linalofungashiwa vyombo vya umeme, lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 20. Kama huna bonge zima, gundisha tabaka. Chora umbo kwa juu na kwa ubavu, kata kwa msumeno mwembamba, malizia kwa msasa. Macho na pua vikae juu kabisa ya kichwa, karibu katika mstari mmoja, kwa sababu mamba halisi akizama huacha hivyo viwili tu nje. Bandika karatasi laini kwa gundi nyeupe ya mbao, tabaka tatu, ukiacha kila moja ikauke. Usipulizie rangi ya kopo moja kwa moja juu ya povu: kiyeyushi chake huliyeyusha na utabaki na mashimo.

Magamba yakate kutoka mikeka ya povu laini ya unene wa milimita 6 hadi 10, uyapange kwa safu kuanzia shingoni. Juu yake paka mpira wa maji (latex) tabaka nne au tano kwa sponji, ukikausha kila tabaka kwa mashine ya kukaushia nywele. Mwisho paka unga wa poda, la sivyo ngozi itajinatia yenyewe. Rangi ichanganywe ndani ya mpira huohuo. Rangi ya ukuta iliyopakwa juu ya mpira hupasuka mara tu ngozi inapokunjika, na mipasuko hiyo kamera inaiona.

Sasa kukielesha. Hapa ndipo wengi hukwama: kichwa huelea juu kama mpira, au hugeuka tumbo juu. Hesabu ni rahisi. Kila lita ya umbo unayotaka izame inahitaji uzito wa kilo moja. Kichwa cha vipimo hivi kikishachongwa hubaki na ujazo wa lita 14 hivi. Ukitaka lita 11 zizame na chenyewe kina uzito wa kilo mbili, ongeza kilo tisa. Uzito huo usiuweke ndani ya kichwa. Ufunge kwenye ubapa wa chuma unaoning'inia sentimita 30 chini yake, nao utakizuia kisigeuke. Anza na kilo nane, kiweke majini, kisha ongeza kokoto ndogo ndogo kwenye mfuko mpaka maji yaguse chini ya jicho.

Kivute kwa uzi mweusi wa kuvulia samaki, unaopita kwenye kapi iliyofungwa kwenye tofali chini ya maji, ili anayevuta awe nje ya fremu na uzi usikate uso wa maji. Ufunge uzi chini kidogo ya usawa wa maji. Ukiufunga juu ya pua, kichwa kitachimba maji. Ukiufunga chini sana, pua itainuka kama mtumbwi. Vuta polepole, nusu mita kwa sekunde, bila kusita. Mamba anayeharakisha anaonekana ni boya.

*Taya la kuuma.* Hili ni la sponji ya godoro, maana litagusa mwili wa mwigizaji. Kata taya la juu na la chini, unganisha kwa bawaba nyuma ya macho. Kosa la kawaida ni kuweka bawaba chini ya jicho, na mdomo ukionekana wa bata. Taya la chini lifunguke kwa waya wa breki ya baiskeli na mpini wake, na lifungwe kwa mpira wenye nguvu. Meno yawe ya silikoni laini au povu. Seti ya pili ya meno magumu ya gundi ya epoksi itumike kwa picha za karibu peke yake, bila mtu karibu. Yafanye yasilingane: mamba hupoteza meno na kuota mengine maisha yake yote, na jino la nne la taya la chini huonekana nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Vitu vidogo kama hivyo humfanya mtazamaji aamini mengine yote.

*Mkia* uwe wa mita moja na nusu, sponji juu ya uti wa bomba jembamba la plastiki linalopinda, ushikwe na mtu mmoja aliyezama kiunoni nje ya fremu. Kazi yake ni kupiga maji tu. *Mguu* ni kwa shoti moja ya kucha zikikanyaga tope. Dakika kumi za kazi, lakini shoti hiyo inaunganisha mamba wa majini na mamba wa nchi kavu, hivyo usiiache.

Macho yanahitaji uangalifu kuliko ngozi. Nusu duara ya plastiki angavu, mboni ya wima iliyochorwa kwa nyuma, na tone la jeli ya nywele juu yake kabla ya kila shoti ili ling'ae. Kwa usiku, bandika nyuma ya macho duara za mkanda wa kuakisi mwanga. Zitawaka kwa rangi unayotaka, lakini kwa sharti moja: taa iwe imegusana na lenzi. Mkanda hurudisha mwanga kule ulikotoka. Taa ikisogea hata mita moja pembeni, macho yanazimika, na watu hudhani mkanda ni mbovu.

Sponji na gundi hizi zina mvuke mbaya. Fanyia kazi nje au penye upepo, vaa glavu, na uulize mapema kama kuna mwigizaji mwenye mzio wa latex.

Damu

Kwa lita moja na robo hivi: sharubati nzito ya glukosi lita moja, maji mililita 200, rangi nyekundu ya chakula mililita 30, matone manne ya bluu, na vijiko viwili vya chai vya kakao. Kakao ndiyo inayoizuia damu isionekane kama juisi. Damu halisi haipitishi mwanga. Koroga kakao kwa maji ya moto kwanza, la sivyo itabaki na mabonge. Ijaribu kwenye kamera ile ile na taa ile ile utakayotumia, kwa sababu taa ya bluu ya usiku huigeuza nyeusi. Kwa shoti za usiku punguza bluu na kakao.

Damu hii haifai majini. Sharubati ni nzito kuliko maji, hivyo huzama chini na kuacha uso msafi. Kwa wingu la damu ndani ya maji tumia rangi ya chakula na maji matupu, ukiisukuma kwa bomba jembamba la plastiki lililofichwa nyuma ya mwigizaji. Andaa lita tano kwa kila shambulio, na nguo tatu zinazofanana kwa kila anayeuawa. Damu ya sukari huvutia nyuki na sisimizi, kwa hiyo maji ya kuoshea yawe tayari kabla ya shoti.

Kurekodi watu bila mnyama

Katika wiki mbili za kwanza, mamba ni fimbo yenye mpira mwekundu kichwani. Mtu mmoja, siku zote huyohuyo, aibebe na kuisogeza kwa mwendo wa mamba. Waigizaji wakiambiwa "tazameni pale majini", kila mmoja atatazama pake, na hakuna ufundi wa uhariri utakaoliponya hilo. Weka alama ya kimo cha macho ya mnyama na uiandike kwenye daftari pamoja na lenzi, kimo cha kamera, mwelekeo wa jua na saa. Daftari hilo ndilo litakalokuokoa wiki sita baadaye utakaporudi kupiga shoti za mamba zinazotakiwa kuungana na hizi.

Uso wa mwigizaji ndio picha yako ya gharama ndogo na yenye nguvu kuliko zote. Piga kila mwitikio mara tatu: wa kwanza hajaelewa anachokiona, wa pili ameelewa, wa tatu ameshindwa kupiga kelele. Mhariri karibu kila mara atachagua wa kwanza.

Kamera ya upande wa mamba iwe sentimita tano hadi kumi juu ya maji, lenzi pana ya milimita 18 hadi 24, mwendo wa polepole bila mtikisiko. Iweke kwenye mfuko au sanduku lililozibwa, na ulijaribu sanduku tupu majini kwa nusu saa kabla ya kuweka kamera ndani. Unyevu wa ndani hutia kioo ukungu. Weka pakiti mbili za vikausha-unyevu.

Kwa usiku, usijaribu kumulika mto mzima. Piga jioni, ndani ya nusu saa inayofuata jua kuzama, ukipunguza mwanga stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) na kuweka mizani ya weupe kwenye 3200K ili picha iwe ya bluu. Fremu isiwe na anga. Anga angavu huvunja udanganyifu wote. Una dakika ishirini na tano hivi kila siku, kwa hiyo fanya mazoezi mchana na upige shoti mbili tu kwa jioni. Ukilazimika kutumia taa, iwe nyuma ya mnyama na juu, ikimuachia ukingo wa mwanga kwenye magamba yaliyolowa. Taa ya mbele inaonyesha sponji. Taa za LED za bei ya chini humetameta: penye umeme wa hezi 50 weka shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kwa sekunde) 1/50 au 1/100, penye hezi 60 weka 1/60 au 1/120.

Hariri kabla ya mamba

Rekodi zikiisha, ungeni filamu nzima. Mahali pa mamba weka fremu nyeusi iliyoandikwa kitakachoonekana, na urefu wake halisi: "jicho, sekunde moja na nusu". Chini yake weka sauti ya muda. Kisha waonyeshe watu watano wasiohusika na filamu na uwaangalie wao, usiangalie filamu.

Utagundua mambo mawili. Kwanza, sehemu nyingi ulizodhani zinahitaji mamba zinafanya kazi vizuri zaidi kwa mwitikio wa mwigizaji na sauti. Zifute kwenye orodha. Pili, kuna sehemu mbili au tatu ambazo watazamaji hawaelewi mamba yuko wapi. Hizo ndizo shoti zako za lazima. Orodha ya shoti sitini kwa kawaida hushuka hadi ishirini na tano, na sasa siku tatu zinatosha kuzipiga kwa kikosi cha watu sita.

Shambulio lenyewe

Hivi ndivyo shambulio moja la sekunde ishirini hivi linavyojengwa. Urefu umeandikwa kwa sekunde.

1. Mtu anachota maji, shoti pana, hakuna kitu (4).
2. Wadudu na vyura wananyamaza. Picha ni ile ile (2).
3. Mkono ndani ya maji, karibu (1.5).
4. Uso wake; anasikia ukimya (2).
5. Maji yanavimba kidogo, bila mamba. Ubao uliozamishwa na kuvutwa unatosha (1).
6. Uso tena, bado hajaelewa (1).
7. Taya linatoka majini kuelekea kamera (nusu sekunde).
8. Mkono unavutwa, maji yanajaa lenzi (nusu sekunde).
9. Shoti pana: mtu ametoweka nusu, mkia unapiga maji (1).
10. Mtu anajiviringisha ndani ya povu (2, ikikatwa mara mbili na taya).
11. Ndoo inaelea (4).

Kikaragosi kinaonekana kwa jumla ya sekunde mbili. Shoti ya saba ipigwe mara kumi na tano. Utatumia fremu kumi na mbili tu za iliyo bora. Kwa mashambulizi weka shata 1/200, ili matone ya maji yawe makali na mwendo uwe wa kukatika.

Nguvu ya shambulio inatoka kwa anayeshambuliwa. Mwigizaji ndiye anayelishika taya kwenye mwili wake na kulitikisa, na aliye nyuma ya kikaragosi alishike kwa ulegevu akimfuata. Wakivutana wote wawili, sponji inakunjika na siri inatoka. Vivyo hivyo kujiviringisha: mwigizaji anajizungusha mwenyewe kwenye maji ya kimo cha kiuno, kwa sekunde kumi, asiye na nguo nzito wala viatu vinavyojaa maji. Awepo mwokoaji mmoja umbali wa mita mbili asiye na kazi nyingine yoyote. Wakubaliane ishara moja ya mkono inayosimamisha kila kitu, kwa sababu kelele za "basi!" zinafanana na uigizaji. Taa za karibu na maji ziwe za betri ya volti 12. Na eneo lenyewe liwe bwawa lisilo na wanyama hatari; mto wenye mamba wa kweli si mahali pa kupigia filamu ya mamba.

Ukitaka kutumia mfano mdogo wa mamba, kwa mfano robo ya ukubwa, piga fremu 48 kwa sekunde na uonyeshe kwa 24. Kanuni ni kipeuo cha pili: mdogo mara nne, kasi mara mbili; mdogo mara kumi na sita, kasi mara nne. Chini ya robo usishuke kama kuna maji. Matone hayapungui ukubwa pamoja na mfano wako, na tone lenye ukubwa wa jicho la mamba humaliza kila kitu.

Wanyama wa kweli

Mnyama hatari asikaribie waigizaji, hata afugwe namna gani. Katika kutengeneza Roar (1981), iliyotumia simba na chui milia wa kweli, watu wengi wa kikosi walijeruhiwa, na mpigapicha Jan de Bont alishonwa nyuzi takriban 220 kichwani. Mbwa aliyefundishwa ni jambo jingine. Acheze na mwenye kumfundisha aliyevaa nguo za mwigizaji, kitu chake cha kuchezea kikiwa ndani ya mkono wa nguo. Mbwa anayecheza hutikisa mkia, kwa hiyo fremu iishie mgongoni, na mngurumo uongezwe baadaye. Picha za kununua za mnyama halisi zinafaa kama mwelekeo wa jua unalingana na wako; soma leseni kama inaruhusu filamu ya biashara.

Sauti ndiyo mnyama

Kama kuna sehemu moja ya kuongezea fedha zilizobaki, ni hapa. Sauti ya mamba wako iwe na tabaka tatu. Ya chini ni mngurumo unaohisiwa kifuani. Chukua sauti yoyote ya koo, iliyorekodiwa kwa 96 kHz, uishushe kasi kwa nusu na itashuka oktavu nzima bila kuchuja ubora. Ya kati ni pumzi: mfuko wa ngozi uliolowa ukikamuliwa, au hewa ikitoka polepole kwenye puto. Ya juu ni mkwaruzo wa magamba, ganda kavu la nazi likiburutwa kwenye jiwe. Kwa mifupa, vunja figili mbichi au karoti karibu na maikrofoni ndani ya kitambaa kilicholowa.

Wengi watasikiliza kwa simu au kompyuta, na spika ndogo hazitoi chini ya hezi 150. Mngurumo wako mzuri wa hezi 40 kwao ni ukimya. Nakili tabaka la chini, lichafue kidogo kwa kifaa cha kukwaruza sauti, na uache hezi 150 hadi 300 zisikike. Kisha jaribu filamu nzima kwenye simu.

Ukimya nao upange. Sauti ya mazingira iwepo mfululizo tangu mwanzo, wadudu, maji, upepo, ili siku unapoikata kwa sekunde mbili mtazamaji akae sawa bila kujua kwa nini. The Birds ya Alfred Hitchcock (1963) haina muziki wa filamu kabisa. Kelele za ndege zilizotengenezwa kwa chombo cha umeme zimechukua nafasi yake. Na katika Cat People (1942) mwanamke anafuatwa usiku, hatua za anayemfuata zinanyamaza, kisha basi linaingia fremuni kwa mlio wa breki unaofanana na mkoromo wa chui. Hakuna chui. Kilichofanya kazi ni ukimya kabla ya basi.

Kompyuta iwe msaidizi

Tumia programu kama Blender kufuta uzi, kuongeza kung'aa kwa jicho, kurefusha mgongo wa mamba kwa shoti moja ya mbali. Usijenge mamba mzima wa kompyuta juani. Mnyama wa kompyuta wa bei ya chini hugunduliwa kwa mambo manne: hana kivuli panapogusana na ardhi, weusi wake ni mzito kuliko weusi wa picha, ni mkali kuliko lenzi iliyopiga mandhari, na maji hayajui kuwa yupo. Matatu ya kwanza unaweza kuyarekebisha kwa kivuli, kulinganisha weusi, ukungu kidogo na chembechembe. La nne lina dawa ya zamani: siku ya kurekodi, tupa jiwe au vuta ubao majini pale mamba atakapowekwa, ili mawimbi yawe ya kweli.

Mgawanyo wa fedha

Mnyama asilimia 20. Sauti 15. Chakula na usafiri 25, nayo usiipunguze, kikosi chenye njaa hakikai majini. Waigizaji na wafanyakazi 20, kamera na taa 10, akiba 10. Akiba isiguswe mpaka siku za mamba ziishe, kwa sababu ni siku hizo ndizo zinazoharibika: maji yanachafuka, waya wa breki unakatika, mvua inabadilisha rangi ya mto. Beba waya tatu za akiba, latex lita mbili, gundi, na sindano nene.

Kila jioni, toa kikaragosi majini, kikamue, kikaushe kivulini, kipake poda. Sponji iliyolala na maji huota ukungu kwa siku mbili na huwa nzito kiasi kwamba taya halifunguki. Jua kali hupasua latex ndani ya wiki chache. Filamu ikishakamilika, kihifadhi gizani, kimejazwa karatasi ili kisibonyee, mpaka msambazaji ametia saini na kupokea faili la mwisho. Ombi la shoti moja zaidi ya jicho huja mara nyingi kuliko unavyodhani, na huja baada ya watu kukigawana kikaragosi kwa ukumbusho.